Mikimbio 260, na ukurasa wa upande wa pili

Nina daftari la alama za kriketi lenye jalada la kijani, limeshikiliwa kwa selotepu mgongoni, na kurasa zake za Septemba 2007 zimeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukilifungua katikati unakutana na mechi mbili zilizopishana kwa siku mbili tu. Jumatano tarehe 12, Kenya na New Zealand, Durban. Ijumaa tarehe 14, Kenya na Sri Lanka, uwanja wa Wanderers, Johannesburg. Hilo lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa la T20, kriketi ya ova 20 kwa kila timu, kila ova mipira sita, na ndilo pekee ambalo Kenya imewahi kucheza.

Baba alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja hapa Nairobi kwa miaka 31. Alikata nyasi, akamwagilia, akavuta rola juu ya ule ukanda wa katikati ambapo mpira hudunda, akachora mistari kwa chokaa. Sisi watoto tulikulia nyuma ya kibanda cha rola. Kuandika alama nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi, mwanachama wa klabu, ambaye watoto wote tulimwita Anko. Nilikuwa na miaka kumi. Alinikalisha kando yake, akanipa penseli na kifutio, akaniambia kifutio ni cha makosa yangu, si cha makosa ya wachezaji. Kila mpira una alama yake ndani ya kijisanduku. Mpira usiozaa mkimbio, yaani pointi ya wapigaji, ni nukta. Ova nzima ikipita kwa nukta sita, unaziunganisha ziwe herufi M, na hiyo ndiyo heshima ya mrushaji. Jumla ya wapigaji lazima ilingane na ya warushaji, ukiongeza na mikimbio ya ziada. Isipolingana, umekosea mahali, rudi utafute.

Kwa hiyo hata mechi za kwenye televisheni huziandika kwa mkono. Watu wa nyumbani wameshazoea.

Ile Jumatano tulikuwa tumeshaumia. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 73, ndani ya ova 16 na mipira 5. Mark Gillespie wa New Zealand alichukua wiketi 4, yaani aliwatoa wapigaji wanne, na akatoa mikimbio 7 tu. New Zealand waliifikia hesabu hiyo kwa ova 7 na mipira 4, wakapoteza mpigaji mmoja. Wakati huo, 73 ndiyo ilikuwa jumla ndogo kuliko zote kuwahi kuandikwa na timu ya taifa katika mechi za kimataifa za ova 20. Mimi nilidhani hapo ndipo chini kabisa.

Ijumaa tukaketi tena, mimi na Baba, katika chumba cha wafanyakazi pale klabu, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya kabati la vikombe. Baba alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Sri Lanka walianza kupiga. Sanath Jayasuriya alifikisha 88 kwa mipira 44. Mahela Jayawardene akapiga 65 kwa mipira 27, ule upigaji wake wa mkono laini ambao hata ukiwa upande wa wanaoumizwa unashindwa kuuchukia. Halafu mwishoni akaingia Jehan Mubarak akapiga 46 kwa mipira 13 bila kutolewa. Nakumbuka ilifika mahali mkono wangu ukasimama. Niliiweka penseli chini nikasema, "Baba, hii naandika ya nini?"

Akajibu bila kuondoa macho kwenye televisheni, "Andika tu, mama. Wenzako wanarusha, wewe andika."

Ikafika 260 kwa wiketi 6. Mikimbio 13 kwa kila ova, ova 20 mfululizo. Kenya ikatolewa yote kwa 88, pengo la mikimbio 172. Tangu siku ile mpaka Kombe la 2024 linamalizika, hakuna timu iliyopata jumla kubwa zaidi ya hiyo katika Kombe la Dunia la T20, wala iliyoshinda kwa pengo kubwa zaidi la mikimbio. Kila mashindano yanapokaribia, orodha ya rekodi za timu hutolewa kabatini na kupanguswa vumbi, na jina la nchi yangu liko pale mstari wa juu kabisa, baada ya neno "dhidi ya".

Miaka mingi jambo hilo lilinichoma. Tulikuwa nchi iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2003. Hao hao Sri Lanka tuliwafunga hapa Nairobi, uwanja wa Gymkhana, tarehe 24 Februari 2003, Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, nao wakatolewa kwa 157 wakifukuzia 210 zetu. Baba aliutunza uwanja wake kama kitanda cha mtoto wiki ile nzima, ingawa mechi haikuchezwa kwake, eti wageni wakija kufanya mazoezi wasije wakaona tuta. Watu walewale, miaka minne na nusu baadaye, wanakuwa mfano wa udhaifu. Nahodha ni yuleyule, Steve Tikolo.

Nilichokuja kukielewa, na nilikielewa kwa kuandika, si kwa kufikiri, ni kwamba rekodi ya timu haisomeki peke yake. Mtu akifunga mikimbio mingi, hiyo ni yake. Jumla ya timu ni ya timu mbili. Na mstari ule mmoja wa orodha umekatwa kutoka kwenye ukurasa uliokuwa na jana yake na kesho yake. Usiposoma kurasa za jirani, hujui ulichosoma.

Chukua Sri Lanka wenyewe. Siku sita baada ya zile 260, Alhamisi tarehe 20, walicheza na Australia huko Cape Town. Walitolewa wote kwa 101. Australia wakazipata bila kupoteza mpigaji hata mmoja, zikiwa zimebaki mipira 58. Sri Lanka nusu fainali hawakuiona. Kombe lilikwenda kwa India, waliowafunga Pakistan kwa mikimbio 5 tarehe 24 Septemba, palepale Wanderers.

Lakini ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa Uholanzi, Machi 2014, Bangladesh. Nimewasimulia watu wengi kisa hiki mpaka mpwa wangu anaweza kukimalizia.

Tarehe 21 Machi walicheza na Ireland mjini Sylhet. Ireland walipata 189. Uholanzi, ili wasonge mbele, haikutosha kushinda tu. Ilibidi wazipate zile 190 ndani ya ova 14 na mipira 2, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Wakazipata kwa ova 13 na mipira 5. Stephan Myburgh alipiga 63 kwa mipira 23. Tom Cooper akapiga 45 kwa mipira 15. Walipiga sita, yale mapigo yanayovusha mpira mpaka bila kugusa chini, mara 19 katika zamu moja, rekodi ya Kombe la Dunia la T20. Mimi niliandika mechi ile nikiwa na homa, blanketi mabegani, na kuna mahali mwandiko wangu umepanda juu ya mstari kabisa kwa sababu nilikuwa nimesimama.

Siku tatu baadaye, tarehe 24, Chittagong, dhidi ya Sri Lanka, timu ileile ilitolewa yote kwa mikimbio 39. Ova 10 na mipira 3. Rekodi ya jumla ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo.

Siku tatu! Ukizitazama rekodi hizo mbili katika orodha, ziko kurasa tofauti, moja imeandikwa kwa sifa na nyingine kwa fedheha, na hakuna kinachokuambia kwamba ni wanaume walewale, wakiwa na gongo zilezile, wiki ileile. Na kisa hakijaisha. Tarehe 31 Machi, bado wako Chittagong, Uholanzi wakawafunga Uingereza kwa mikimbio 45. Uingereza walitolewa wote kwa 88. Nilipoiandika namba hiyo nilicheka mwenyewe usiku, halafu nikaenda kulichukua lile daftari la kijani nione kama ninakumbuka sawasawa. Ndiyo. 88, zilezile za Kenya. Tena Uingereza walidumu mipira 106. Nitairudia hesabu hiyo ya mipira baadaye.

Miaka kumi ikapita, ikaja zamu ya majirani zetu.

Uganda waliingia Kombe la Dunia la 2024 kupitia mchujo wa Afrika uliochezwa Windhoek, Namibia, Novemba 2023. Nafasi zilikuwa mbili, timu saba, Kenya na Tanzania zikiwemo. Tarehe 26 Novemba Uganda wakawafunga Zimbabwe kwa wiketi 5, yaani walifika wakiwa bado na wiketi 5 mkononi, Zimbabwe nchi inayocheza mechi za Test, zile za siku nyingi za ngazi ya juu kabisa, wakiongozwa na Sikandar Raza. Namibia na Uganda wakapita, Zimbabwe wakabaki nje. Naomba uishike habari hii, tutaihitaji.

Kule Guyana, uwanja wa Providence, Uganda walicheza mechi tatu. Ya kwanza walitolewa kwa 58 na Afghanistan. Ya pili, tarehe 5 Juni, sisi huku ikiwa ni usiku wa manane, walicheza na Papua New Guinea, nami nilikuwa macho na birika la chai. Frank Nsubuga, miaka 43, mchezaji mzee kuliko wote katika mashindano yale, alirusha ova zake nne. Mikimbio 4. Wiketi 2. Na ndani ya ova hizo nne, mbili ni M. Wakati huo hakuna mrushaji aliyewahi kumaliza ova nne za Kombe la Dunia la T20 kwa kutoa mikimbio michache kiasi hicho. Papua New Guinea wakatolewa kwa 77. Uganda nao wakaanza vibaya, wapigaji watatu nje na ubao unasoma 6, lakini Riazat Ali Shah akasimama, mipira 56, mikimbio 33, polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na wakafika kwa wiketi 3. Ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Kampala, hatukusema neno la maana kwa dakika nzima.

Siku tatu tena, tarehe 8 Juni, uwanja uleule, West Indies walipata 173 na Akeal Hosein akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 11. Uganda wakatolewa wote kwa 39.

Asubuhi ile simu yangu ilijaa picha za kuchekesha. Nami sikucheka. Niliyarudia madaftari yangu mawili nikahesabu kitu ambacho orodha haihesabu. Uholanzi walipopata 39 walidumu mipira 63. Uganda walipopata 39 walidumu mipira 72. Orodha inasema timu hizo zinashirikiana rekodi. Daftari linasema Uganda walisimama mipira tisa zaidi mbele ya West Indies, tena wenyeji. Na tarehe 14 Juni, Tarouba, dhidi ya New Zealand, walipotolewa kwa 40, walidumu ova 18 na mipira 4. Mipira 112. Mtu aliyewahi kushika gongo mbele ya mrushaji wa kasi anajua mipira 112 ni nini. Kila mmoja ni uamuzi, na wengi wao ni maumivu.

Sasa ile habari ya Zimbabwe. Kwa sababu hawakwenda Kombe la 2024, safari yao ya kutafuta Kombe la 2026 ilibidi ianzie chini, kwenye mchujo wa kanda. Uganda na Namibia waliruka hatua hiyo, Zimbabwe hawakuruka. Mchujo wenyewe ulichezwa hapahapa Nairobi, Oktoba 2024. Ndivyo nilivyojikuta Ruaraka Jumatano, tarehe 23 Oktoba, na mpwa wangu aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, tukiwa na daftari jipya, tumekaa kivulini, Zimbabwe wanacheza na Gambia. Siku nne kabla Zimbabwe walikuwa wamepiga 286 dhidi ya Shelisheli, kwa hiyo nilijua naenda kuandika sana. Sikujua kiasi gani.

Tadiwanashe Marumani alipiga 62 kwa mipira 19. Ova sita za kwanza zilileta mikimbio 103. Kisha akaja Raza, yuleyule wa Windhoek, akafikisha mia kwa mipira 33, akamaliza na 133 kwa mipira 43, sita 15. Clive Madande akaongeza 53 kwa mipira 17. Mpira ulivuka kamba mara 57 kwa ujumla, sita zikiwa 27. Kila mara vijana wa Gambia walitembea kuufuata. Nasema walitembea, na sisemi kwa kuwalaumu; jua la Ruaraka saa sita mchana ni jua.

Jumla: 344 kwa wiketi 4. Mikimbio 17 na ushei kwa kila ova. Rekodi ya dunia kwa mechi zote za kimataifa za ova 20, ikiwa imewapita Nepal waliopata 314 dhidi ya Mongolia kule Hangzhou mwaka uliotangulia. Vijisanduku vya daftari havikutosha. Mpwa wangu alikuwa anaandika ukurasa wa warushaji na ikabidi agawanye mstari mmoja kuwa miwili.

"Aunty, huyu Jobarteh," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni 93."

Musa Jobarteh, ova nne, mikimbio 93, wiketi sifuri. Hakuna aliyewahi kutoa nyingi hivyo katika mechi ya kimataifa ya ova 20. Mpwa wangu aliuliza kama ahakikishe tena, labda amekosea. Tukahesabu pamoja, zikalingana. Nilimwambia aliandike jina kamili, herufi zote, kwa mwandiko uleule aliomwandikia Raza. Kijana alipewa mpira ova ya kwanza, akapewa tena, akapewa tena, na mara ya nne akaja mbio kutoka mwanzo wa hatua zake kama kwamba ni mara ya kwanza. Hilo nililiona kwa macho yangu. Gambia wakatolewa wote kwa 54, ova 14 na mipira 4. Pengo la mikimbio 290.

Yapo malalamiko, hasa kutoka nchi kubwa, kwamba rekodi za namna hii zinachafua vitabu. Tangu Januari 1, 2019, Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilizipa hadhi ya kimataifa mechi zote za T20 za wanaume kati ya nchi wanachama, na tangu hapo jumla kubwa na ndogo zimekuwa zikivunjwa kila kukicha. Mwezi mmoja baada ya Ruaraka, tarehe 24 Novemba 2024, Nigeria walipata 271 mjini Lagos, na Kodivaa, waliokuwa katika wiki yao ya kwanza ya mechi zenye hadhi hiyo, wakatolewa kwa mikimbio 7. Saba. Kabla yao rekodi ilikuwa 10.

Mimi nasimama upande wa uamuzi ule wa 2019, na nasimama kabisa. Kama mechi ile isingehesabiwa, vijana wale wangetolewa kwa 7 vilevile, tofauti ni kwamba hakuna ambaye angeandika kuwa walikuwepo. Waache waandikwe. Uholanzi waliandikwa.

Nilisema nitarudi kwenye hesabu ya mipira. Ile Ijumaa ya 2007, Sri Lanka walipomaliza na 260, watu wengine wawili waliokuwa nasi chumbani waliondoka. Walisema hakuna kilichobaki cha kutazama. Baba alizima jiko la chai, akavuta kiti karibu, akasema tuendelee. Wapigaji wetu wakaingia mmoja mmoja. Walijua kuanzia mpira wa kwanza kwamba 261 hazipatikani. Nukta, moja, nukta, wiketi, nukta, mbili. Ova ya kumi ikapita. Ova ya kumi na tano ikapita. Baba alikuwa ananiuliza kila baada ya ova, "Ngapi?", nami nikadhani anauliza mikimbio, nikamjibu mikimbio, naye akatikisa kichwa. Alikuwa anauliza mipira.

Mpigaji wa mwisho alitolewa katika ova ya 20, mpira wa tatu. Mipira 117 kati ya 120.

"Imebaki mingapi?" akauliza Baba.

"Mitatu."

Nilichukua rula nivipige mstari vile vijisanduku vitatu vilivyobaki, kama nilivyofundishwa na Anko kufunga hesabu. Baba akaweka kidole juu ya ukurasa, akasema niviache wazi.